Nilichagua Tableti Miezi Minane, Macho ya Baba Hayakunisubiri

Mpendwa Mama Mumbe,

Msaada ninaokuomba ni mdogo, aibu niliyonayo ndiyo kubwa, na ukiichapa barua hii tafadhali usilitaje jina langu kwa maana hapa Voi tunajuana mpaka kwa mwendo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, mume wangu yuko Mombasa kikazi na huja kila mwisho wa mwezi, na kabla hujaanza kukisia nakwambia shida yangu haimhusu yeye wala mwanamke wa pembeni. Shida yangu ni tableti, ile ya kusomea na kuandikia, na usicheke kwanza, nisome mpaka mwisho.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alikuja Voi akiwa kijana kutoka Funyula, Usamiani, akafanya kazi stesheni mpaka akastaafu, akanunua kishamba Mraru njia ya Taveta na huko ndiko anakoishi na mama. Watu wetu kutoka magharibi ni wengi hapa, wa reli, wa mashamba ya mkonge, wa biashara, na tuna chama chetu cha kuzikana ambacho baba amekuwa mwandishi wake kwa miaka thelathini na mmoja. Lakini yeye haandiki mahudhurio tu, Mama Mumbe, ana madaftari matatu manene ambayo kila mtu anayaita Kitabu, na ndani ya Kitabu kila mwanachama ana ukurasa wake, anatoka kijiji gani, ukoo gani, boma lao liko upande gani wa barabara, nani apigiwe simu kwanza, na akifa apelekwe wapi. Maana mtu anaweza kuishi Voi miaka arobaini jirani yake asijue kwao ni wapi, na siku akifa ndiyo mnaanza kuulizana na mwili uko mochari. Zamani kulitokea ugomvi mkubwa juu ya maiti, huyu anasema marehemu aliniambia hivi, yule anasema aliniambia vile, na baba ndiye aliyesimama akaweka sheria kwamba kuanzia siku hiyo kisichoandikwa kwenye Kitabu hakihesabiki. Sheria ikakubaliwa na inafuatwa mpaka leo, na ndiyo iliyotumaliza.

Mwezi wa kwanza mwaka huu baba alianza kulalamika kwamba herufi zinamkimbia, kurasa za zamani zimekuwa za manjano, na nikimpa simu asome kwa herufi kubwa anasema ule mwanga unamchoma macho mpaka machozi yanamtoka. Wiki hiyohiyo hotelini alikuja mgeni, mama mmoja mtu mzima, akakaa barazani na tableti ambayo sijawahi kuona mfano wake, skrini haing'ai kama ya simu, imetulia kama karatasi, anasoma kitabu humohumo na akitaka anaandika pembeni kwa kalamu, kwa mkono wake mwenyewe, kisha maandishi anayakuza yanakuwa makubwa kama ya ubaoni. Akaniambia inaitwa tableti ya wino na chaji yake inakaa wiki nzima na zaidi. Nilimfikiria baba palepale. Jumapili nikaenda Mraru nikamweleza, akaniuliza, "Unasema naiandikia kwa kalamu, na inafutika?" Nikasema ndiyo. Akacheka, akasema, "Basi hiyo ni sleti, mama. Shuleni tulianza na sleti na tutamalizia na sleti." Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikamwahidi kwamba nitamnunulia, na kutoka siku hiyo akaacha kuandika kwenye madaftari, akasema hataki kuyachafua tena, atanakili Kitabu chote upya kwenye sleti, kisafi, kwa herufi kubwa, atuachie.

Pesa nilikuwa nazo, nisiseme uongo. Kilichonichelewesha ni kuchagua. Nilitaka nimpe iliyo bora kuliko zote kwa sababu baba hajawahi kuniomba kitu, nikawa nasoma mtandaoni kila mchana mapokezi yakiwa matupu, ya inchi sita ni ya kusomea tu haina kalamu, ya inchi kumi ina kalamu lakini haina taa ya ndani na Mraru stima inapotea ovyo, ya inchi kumi na tatu ni pana kama daftari lakini nzito kwa mikono ya mzee, hii ina rangi ila weupe wake umefifia, ile kalamu yake inataka chaji, nyingine kalamu haitaki chaji lakini Biblia ya Kiswahili haifunguki vizuri, na kila nikikaribia kuamua nasikia kuna mpya inatoka mwezi ujao, nami najiambia basi nisubiri, kawia ufike. Nilichora jedwali lenye safu kumi na moja. Mwenzangu wa mapokezi, Koki, akaniuliza siku moja, "Wewe dada, unanunua tableti ama unatafuta bwana?" Nikacheka naye. Baba naye kila Jumapili anauliza, "Sleti imefika wapi?" na mimi nasema iko karibu.

Mwezi wa tatu Mama Nabwile alikuja Mraru kumwona baba, nami nilikuwepo, mimi ndiye niliyempa chai. Mama Nabwile alikuwa mjane, alikata mkonge miaka mingi halafu akawa anauza chai na mahamri kule Miasenyi kwa madereva wa malori, na mwanawe wa pekee alizikwa hapa Voi. Akamwambia baba, "Mzee, nibadilishie ukurasa wangu. Uliandika nipelekwe Sio Port kwa watu wa bwana yangu, lakini wale walinifukuza, hawajui hata kama niko hai. Mimi nikifa mnilaze hapa karibu na mtoto wangu." Baba akasema amesikia, ataandika kwenye sleti ikija, hakuna haja ya kukatakata daftari. Mama Nabwile akanigeukia akasema, "Basi harakisha hiyo sleti, binti yangu." Tukacheka wote watatu.

Alikufa mwezi wa sita. Kamati ikakaa nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Omolo, na baba akawaeleza maneno ya Mama Nabwile vile alivyoyasema. Mzee Omolo akafungua daftari, akasoma, akasema pole pole, "Mzee, sisi tunakuheshimu sana. Lakini Kitabu kinasema Sio Port." Baba akasema, "Alikuja kwangu mwezi wa tatu." Wakamuuliza, "Uliandika?" Mama Mumbe, mimi nilikuwa jikoni na akina mama, mlango uko wazi, nilisikia kila neno, na nilikuwa shahidi, ningeweza kuingia pale nikasema hata mimi nilimsikia kwa masikio yangu, lakini nilijua swali litakalofuata ni kwa nini mzee hakuandika, na jibu la swali hilo ni mimi na jedwali langu. Nikaendelea kumenya viazi. Mama Nabwile akasafirishwa Ijumaa, karibu kilomita mia nane, akazikwa na watu waliokuwa wakiulizana huyu ni nani. Siku ile ya kikao, tulipofika mlangoni kule Mraru, baba alisema, "Leo nimefanywa mwongo kwa mwandiko wangu mwenyewe."

Mwezi wa nane kukawa na kambi ya macho kanisani, mama akampeleka, daktari akasema ni presha ya macho na ilianza zamani, jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga na kivuli cha mtu lakini herufi halioni tena, akampa dawa ya matone. Mama aliponipigia simu nilifungua mtandao nikaagiza tableti kwa dakika kumi, ya inchi kumi, ile iliyokuwa ya kwanza kabisa kwenye jedwali langu. Ilifika mwisho wa mwezi wa tisa, nikaichukua ofisi ya mizigo ya basi, nikaificha kabatini chini ya mashuka na iko huko mpaka leo. Baba nimemwambia imezuiwa forodhani Mombasa. Yeye anasema, "Usigombane na hao watu, mama, itatoka tu." Amemwambia fundi amtengenezee kimeza cha sleti, kimewekwa dirishani penye mwanga, na akikaa hapo anakipapasa kwa viganja. Sijui kama anajidanganya au ananidanganya mimi nisiumie.

Sasa nimeona kuna nyingine, ya wino vilevile lakini inasoma kwa sauti, na mtu akiongea inaandika yenyewe, ingawa wanasema Kiswahili inakikoseakosea na majina ya kwetu haiyajui kabisa. Hii ya kabatini nimebakiwa na siku sita za kuirudisha. Naomba unichagulie, Mama Mumbe. Niirudishe ninunue hiyo ya sauti, au nisubiri toleo la mwezi wa pili ambalo huenda likawa bora zaidi? Na baba nimwambie ukweli au nimwache na forodha? Kazini nakosea majina ya wageni, na hii ni Jumapili ya pili sijaenda Mraru, nasingizia zamu.

Aliyechelewa,
Voi.

MAMA MUMBE ANAJIBU

Binti yangu Aliyechelewa,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sikucheka ila pale kwa Koki tu. Huyo mwenzako mnunulie soda. Alikushauri kabla yangu, na hakungoja barua.

Pole. Nasema pole kwa moyo wangu wote, maana hukuchelewa kwa uchoyo wala kwa dharau. Ulichelewa kwa mapenzi, na huko ndiko kuchelewa kunakouma zaidi kwa sababu mtu hapati hata wa kumlaumu. Mimi mama yangu alijua jina la kila mmea wa porini kule kwetu na kazi yake, nikawa nasema nitamrekodi nikipata simu nzuri. Simu nzuri ninayo sasa. Kwa hiyo usidhani nakukaripia nikiwa nimesimama juu ya kilima.

Lakini nitakukaripia. Umeona ulichofanya kwenye barua yako? Umelia kurasa nzima kwamba kuchagua kumekuponza, na kabla machozi hayajakauka unaniambia, naomba unichagulie. Mpaka toleo la mwezi wa pili tayari umelipigia hesabu! Mchagua jembe si mkulima, binti yangu. Na huo msemo wako wa kawia ufike, hebu uuweke chini. Unasemwa kwa mtu aliye njiani. Wewe ulikuwa bado nyumbani unachagua viatu. Jibu la tableti ni hili: usirudishe, usinunue, usisubiri. Lile jedwali la safu kumi na moja ulifute leo, na usiniandikie kuniuliza ulifute kwa njia gani.

Sasa macho, ambayo ni makubwa kuliko tableti. Mwezi wa kwanza mzee alikwambia herufi zinamkimbia na mwanga unamchoma. Hayo yalikuwa maneno ya kupelekwa kwa daktari, wewe ukayapeleka dukani. Si wewe peke yako, sisi wote tukisikia mzee haoni tunasema ni uzee, tunamtafutia miwani sokoni. Ugonjwa huu mara nyingi hauna maumivu, unakula kimya kimya, na kilicholiwa hakirudi. Ila lile jicho la kushoto bado lina mwanga wake wa kulindwa. Matone yasikatike hata siku moja, na mzee apelekwe kliniki ya macho wiki hii, asingoje kambi nyingine ya kanisa. Na wewe na ndugu zako mkapimwe wote, hata mnaoona sindano gizani, kwa sababu presha ya macho hupenda kutembea ndani ya familia moja.

Kuhusu forodha: watu wa forodha wana dhambi zao wenyewe, usiwabebeshe yako. Jumapili hii unaenda Mraru. Hakuna zamu. Toa hiyo sleti chini ya mashuka, uende nayo, umpe baba yako mkononi na umwambie, "Baba, nilikawia nikichagua, na ilipofika nilikuficha. Nisamehe." Usimweleze inchi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki, na wewe ukae hapohapo usikimbilie jikoni. Ila sidhani kama utamshtua sana. Mtu anayepapasa meza tupu kila siku anajua kabisa kwamba haoni. Nadhani anakungoja useme lako ili naye aseme lake.

Bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Ulikuwa jikoni, ulikuwa shahidi, na ukaendelea kumenya viazi. Binti yangu, hapo ndipo niliposhusha barua yako mezani nikavua miwani. Kuchelewa kuchagua ni udhaifu, wote tunao. Lakini ulimwacha baba yako aitwe mwongo mbele ya watu aliowatumikia miaka thelathini na mmoja, nawe ulikuwa na uwezo wa kumtoa hapo kwa sentensi moja. Mama Nabwile hatafukuliwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na huo utabaki kuwa mzigo wako, sitakudanganya kwamba utaisha. Jina la baba yako bado linaweza kurudishwa. Kikao kijacho cha chama omba nafasi, simama mbele ya Mzee Omolo na kamati nzima, sema, "Mama Nabwile aliyasema yale maneno, nilikuwepo, nilisikia, na baba hakuandika kwa sababu yangu." Ukishasema usijitetee. Halafu uwaombe wakubali kwamba mtu akileta neno liandikwe palepale, hata kwa penseli, hata nyuma ya bahasha, na mashahidi wawili watie sahihi. Na siku moja ukiweza, fika Sio Port na upande kitu kwenye kaburi la yule mama, ili watu wa kule waulizane huyu ni nani aliyekumbukwa hivi.

Kitabu nacho hakihitaji mashine inayosikia. Itajuaje tofauti ya ukoo na ukoo, hiyo iliyofundishwa mbali na Funyula? Wewe unasikia, unajua kuandika, na majina ya kwenu unayatamka vizuri. Mama yako akusomee madaftari, baba yako asahihishe kwa kichwa chake, wewe uandike kwenye sleti kwa mkono wako. Ukimaliza ukurasa umsomee kwa sauti, akisema sivyo, futa uandike tena. Sleti ikiisha chaji tumia daftari. Fanyeni kurasa tatu kila Jumapili, nne mkiwa na nguvu, na simu yako ikae kwenye mkoba.

Sasa nikuulize na mimi. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu kimoja, sijakiona. Umeniambia ukurasa wa Mama Nabwile ulisemaje. Ukurasa wa baba yako unasemaje? Yupo humo? Watu wa aina yake huandika wa kila mtu wakajisahau, na watoto wao hawaulizi kwa sababu wanadhani wanajua. Wewe unajua? Siku akilala asiamke, apelekwe Funyula au abaki Mraru, kwa nani, upande gani wa barabara, nani apigiwe simu kwanza?

Anza na huo, kabla ya mwingine wowote. Muulize Jumapili hii, angali anajibu mwenyewe.

Mama Mumbe